Nimehesabu wanaume wanne tu. Klamidia imetoka wapi?

Hujambo Shangazi?

Nina umri wa miaka 29, naishi Donholm na nashika vitabu vya hesabu katika duka la vifaa vya ujenzi huko Industrial Area. Nakuandikia usiku kwa sababu mchana siwezi hata kuwaza.

Wiki mbili zilizopita nilipimwa nikapatikana na klamidia. Nilidhani maabara wamekosea. Shangazi, mimi si mtu wa kurukaruka. Maisha yangu yote nimekuwa na wanaume wanne, na wote nawajua hadi majina ya mama zao. Sijawahi kuokota mtu klabu. Sisi ni kundi la marafiki tuliotoka chuo pamoja, watu kama kumi na wawili hivi. Tuna chama, kila Desemba tunaenda Naivasha, na tukichumbiana mara nyingi ni humu humu ndani. Nilikuwa naona hiyo ndiyo njia salama, kwa sababu kila mtu anamjua mwenzake.

Nikupe picha (majina nimebadilisha). Nilikuwa na Brayo miaka miwili. Mapema Januari nikaanza na Denno. Nikiri kwamba kuna wiki kama tatu ambazo Brayo alikuwa bado anakuja kwangu, lakini hizo hata sizihesabu, tulikuwa tunamalizana. Mwisho wa Januari tukaachana kabisa, sasa ni miezi mitano. Denno naye zamani, mwaka 2019 hivi, alikuwa na Liz wa kundi letu, na huyo Liz chuoni alikuwa na Brayo muhula mmoja. Brayo sasa yuko na Shiko, rafiki yangu wa karibu. Walitangaza Februari, ingawa kuna waliosema waliwaona pamoja tangu Krismasi. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, imeshafanyika, harusi ni Agosti, na mimi ndiye mweka hazina wa kamati.

Nilipomwambia Denno, alinyamaza kisha akasema yeye hana dalili yoyote, kwa hivyo huo ugonjwa ni wangu. Eti kabla yangu alikuwa na wasichana wawili tu. Kupima amekataa. Lakini vile vidonge vyangu 14 nilivyopewa vya siku saba, alikunywa vitatu, akisema ni kwa usalama. Na tangu siku hiyo ananiita "Majengo", ule mtaa unaojulikana kwa wanawake wanaouza ngono, akidhani ni mzaha.

Nina maswali matatu. Kati ya hawa, nani aliyeniletea? Nimwambie Brayo au ninyamaze harusi ipite? Na watu wa aina yetu, wenye kazi na heshima zao, tunapataje magonjwa ya Koinange, ile barabara ya Nairobi ya makahaba?

Samahani kwa barua ndefu. Tumbo la chini bado linauma kidogo, hasa tukiwa pamoja na Denno kitandani, lakini nadhani ni mawazo tu.

Mweka Hazina, Donholm

*

Mweka Hazina mwanangu,

Brayo na Denno umewaandikia barua nzima, tumbo lako ukalipa mstari mmoja wa mwisho, tena baada ya kuomba samahani. Mimi nilikuwa muuguzi kabla ya kushika kalamu, kwa hivyo naanzia hapo ulipomalizia.

Klamidia hukaa kwanza kwenye mlango wa kizazi. Ikiachwa, hupanda ndani, ikafika kwenye mirija inayopitisha mayai, na huko huacha makovu. Mirija ikiziba, mimba hukosekana, au hutunga nje ya kizazi, na hiyo ya nje inaweza kumuua mtu. Maumivu ya tumbo la chini, hasa yale yanayokuja wakati wa tendo, ni ishara kwamba huenda imeshapanda. Vidonge vya siku saba ni vya ile iliyo bado mlangoni. Iliyopanda hutibiwa kwa sindano pamoja na vidonge vya siku 14. Rudi kliniki kesho. Mwambie daktari kwamba tumbo linauma, kwamba mmeendelea kukutana katikati ya dawa, na kwamba kuna vidonge alikunywa mtu mwingine. Mwambie pia kama hedhi imechelewa hata kwa siku mbili, kwa sababu doksisaiklini, dawa ya kawaida ya klamidia, mjamzito hubadilishiwa. Homa ikikupanda usiku huu au maumivu yakizidi ghafla, usingoje kesho.

Vile vidonge 14 vilihesabiwa mwili mmoja. Denno amekunywa vitatu, wewe umebaki na 11, na sasa hakuna kati yenu aliyetibiwa. Tena hata ungevimaliza vyote na ukapona Jumatano, Alhamisi anaweza kukurudishia. Mnatibiwa wote wawili, kila mtu na dozi yake, kisha mnakaa mbali hadi siku saba zipite na dawa ziishe. Ukiambiwa dozi yako ni ya siku 14, basi ni 14. Sindano ya haraka ya kemisti bila kupimwa sitaki kuisikia.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwani hiyo ndiyo kazi yako. Umehesabu watu, ukaacha tarehe.

Tuseme kuna noti bandia ya elfu moja. Ukimlipa Denno Jumatatu, na Brayo akakupa ile noti Jumatano, Denno hawezi kuwa nayo, hata kama ninyi watatu mnakaa ploti moja. Noti hairudi nyuma ya kalenda. Lakini kama wiki nzima unapokea na kulipa kwa wote wawili, leo huyu, kesho yule, basi njia iko wazi kutoka kila upande. (Mfano wangu una kasoro, najua: noti ukiitoa imekutoka, ilhali mdudu huyu unampa mwenzako na wewe unabaki naye.)

Mtu anayemaliza na mmoja kabla ya kuanza na mwingine, hata akifikisha sita, wale wa nyuma wanalindwa na kalenda. Kilichoingia na wa tano hakimfikii wa pili. Isitoshe, ugonjwa ukishaingia kwa watu wawili walio peke yao, unakwama hapo hadi waachane, na pengine wakati huo umeshatibiwa au umekwisha wenyewe. Mwenye wawili kwa wakati mmoja hana kalenda ya kumlinda yeyote. Mwaka 1997 watafiti wawili, Martina Morris na Mirjam Kretzschmar, waliliweka jambo hili kwenye kompyuta. Idadi ya mahusiano waliiacha ile ile, wakabadilisha tu jinsi yanavyopandiana kwa wakati, na ugonjwa ukaenea kwa kasi zaidi na kwa watu wengi zaidi. Wao walikuwa wakiwaza virusi vya Ukimwi, na wataalamu wamebishana miaka mingi kama kupandiana huko ndiko kulikochochea Ukimwi huku kwetu Afrika. Ubishi huo siuingilii. Ninachotaka uone ni kwamba zile wiki tatu ambazo "hata huzihesabu" ndizo ninazozihesabu mimi, kuliko ile miaka miwili yote.

Zitazame tena. Januari hiyo Denno alikuwa nawe, wewe ulikuwa bado na Brayo, na kama uvumi wa Krismasi ni wa kweli, Brayo alikuwa tayari na Shiko. Shiko naye pengine alikuwa anamalizana na mtu, maana inaonekana kumalizana ni desturi ya kundi lenu. Huo ni mstari wa watu wanne au watano, milango yote wazi kwa wakati mmoja, na hakuna hata mmoja kati yenu aliyekuwa na zaidi ya wawili. Kila mmoja akiulizwa ataapa kwamba ametulia.

Liz mwondoe kwenye kesi. Klamidia hujificha kwa miezi mingi, hata kupita mwaka, lakini mimi siendi kuitafuta 2019. Liz ana faida nyingine kwangu. Kuna shule moja ya sekondari Marekani ambayo watafiti Peter Bearman, James Moody na Katherine Stovel walichora nani alikuwa na nani katika kipindi cha miezi 18, wakachapisha mchoro wao mwaka 2004. Wanafunzi 288 walitokea kwenye mnyororo mmoja mrefu, zaidi ya nusu ya wote waliokuwa na wapenzi, na wengi wao walikuwa na mmoja au wawili tu. Jambo ambalo wanafunzi wale karibu hawakulifanya kabisa ni hili mlilolifanya ninyi: Denno na Liz, Liz na Brayo, Brayo na wewe, wewe na Denno. Mmefunga duara. Kwa kuwa wale hawakufunga duara ndogo namna hiyo, mnyororo wao ulikuwa mwembamba, ukikatwa mahali pamoja unakuwa miwili. Kundi la kuchumbiana humu humu halikatiki kirahisi. Ukiziba huku, kuna njia ya kuzunguka kule, na aliyetibiwa Machi anaweza kuambukizwa tena Mei na mtu yule yule anayemwamini kwa sababu wanakaa naye kikao cha chama.

Kwa hivyo "kila mtu anamjua mwenzake" haijakulinda na chochote. Unamjua Brayo, jina la mama yake, shule aliyosoma, deni lake la chama. Humjui aliyekuwa na aliyekuwa na Brayo. Na huwezi kumjua, kwa sababu Brayo mwenyewe hamjui. Katika kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Malawi, Stéphane Helleringer na Hans-Peter Kohler waliwauliza vijana mmoja mmoja kuhusu wapenzi wao na kuunganisha majibu, wakachapisha mwaka 2007. Karibu nusu ya vijana hao walijikuta kwenye mtandao mmoja mkubwa, ilhali wengi wao walikuwa na wapenzi wachache tu. Nadhani wengi wao pia wangekuandikia barua kama hii yako.

Na hili la "magonjwa ya Koinange", na la Denno kukuita Majengo, limenikera. Niseme ninachokijua. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Canada, walianza kufanya kazi na wanawake wanaouza ngono Majengo, Pumwani. Hali ilikuwa mbaya. Kwenye vipimo vya mwanzo, karibu wawili kati ya kila watatu wa waliokuwa wakilipwa pesa kidogo kabisa walikuwa na virusi vya Ukimwi. Muuguzi Elizabeth Ngugi, ambaye baadaye alikuwa profesa, aliketi nao kwenye mabaraza yao, wakachagua viongozi wao wenyewe, wakafundishana, na kondomu ikawa jambo la kawaida mahali ambapo awali ilikuwa nadra. Wale wanawake walikuwa kwenye njia panda ambako mistari mingi inakutana, kwa hivyo kila mlango walioufunga uliwakinga watu wengi nyuma yake, wakiwemo wake za wateja wao ambao hawajui hata Majengo iko wapi. Mwulize Denno: ninyi kondomu mliiacha baada ya wiki ngapi? Na kabla ya kuiacha, ni nani alikwenda kupima? Wewe na mimi tunajua jibu. Mliiacha kwa sababu mnafahamiana.

Swali la nani aliyeleta halina jibu, na nakuomba uache kulitafuta kabla halijakuharibia akili. Karatasi ya maabara haina tarehe ya kuambukizwa wala jina. Wanawake wengi wenye klamidia hawana dalili, na wanaume karibu nusu hawana, kwa hivyo "sina dalili" ya Denno haithibitishi kitu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria maambukizi mapya ya klamidia milioni 129 mwaka 2020 peke yake, kwa watu wa miaka 15 hadi 49, na wengi wa hao walikuwa wakienda kazini kama kawaida. Inawezekana Denno alikuja nayo kwako. Inawezekana Brayo aliitoa kwingine mwezi Desemba akakupa, ukampa Denno. Inawezekana pia ulikuwa nayo wewe kabla ya Januari, na hilo nakuomba ulikubali moyoni bila kujichapa.

Sasa Brayo. Ndiyo, mwambie, na usingoje Agosti. Marekani huwatafuta wenzi wa siku 60 zilizopita. Uingereza, kwa mwanamke au kwa mwanamume asiye na dalili, hurudi nyuma miezi sita. Wewe na Brayo mna miezi mitano. Mimi nafuata ule wa Uingereza, kwa sababu najua klamidia haina haraka, na kwa sababu yuko na Shiko, ambaye huenda anapanga kupata mtoto baada ya harusi na ana mirija kama yako. Ukinyamaza ili usiharibu harusi, mwakani unaweza kujikuta unamsindikiza Shiko kwa daktari wa uzazi huku unajua jambo.

Usimwambie kwenye kundi la WhatsApp, usimpigie akiwa na watu, na usianze na "tunahitaji kuzungumza", maana atafikiri unataka kurudiana. Andika hivi, au kwa maneno yako lakini kwa ufupi huu: "Brayo, nimepimwa nimepatikana na klamidia. Tulikuwa pamoja hadi mwisho wa Januari kwa hivyo wewe pia unahitaji kupimwa. Hata bila dalili. Inatibika kwa vidonge. Sijamwambia mtu wa kundi na sitamwambia." Usiweke lawama, wala usiulize alikuwa na nani Krismasi. Ukiuliza hilo atajibu hilo tu, na kupima atasahau.

Shiko usimwambie wewe. Hujui kama Brayo anayo, na kumpelekea bibi harusi uvumi wa ugonjwa ambao haujapimwa ni ukatili, hata ukiuita urafiki. Hilo ni jukumu la Brayo akipata majibu. Mpe wiki moja kisha muulize swali moja: umepima? Akikwepa, au ukiona huwezi kabisa kumwandikia, mwambie muuguzi wa kliniki yako. Wako wanaokubali kumpigia mwenzi simu bila kutaja aliyemtaja, au kumtumia kikaratasi cha kumwita kisicho na jina la ugonjwa. Nimevituma vingi enzi zangu. Kuna jamaa alikuja na kikaratasi akiwa amekikunja mara nane, akaniuliza ni mke gani aliyekituma. Nilimwambia sijui, nikampima.

Huko kliniki omba pia kipimo cha virusi vya Ukimwi, kaswende na kisonono. Klamidia haimaanishi unavyo hivyo vingine, ila vyote husafiri kwa njia moja. Baada ya miezi mitatu rudi upimwe klamidia tena, hata ukijisikia mzima, kwa sababu wengi huambukizwa upya na wapenzi ambao hawakutibiwa.

Denno ana hofu, na hofu ya wanaume wetu mara nyingi hutoka kama matusi. Mpe nafasi mara moja. Mwambie kliniki iko wazi Jumamosi, mtakwenda pamoja, atapimwa mkojo tu na hakuna atakayemchoma kitu mahali anapoogopa. Akikataa, kitanda chako kinabaki chako peke yako, na hapo hutahitaji Shangazi wa kukuambia umwache au usimwache. Akiinua mkono, ondoka siku hiyo hiyo, uniandikie ukiwa kwa dada yako.

Kamati ya harusi endelea nayo, michango ya watu haina kosa. Ila ujumbe wa Brayo uwe umefika kabla ya kikao cha Jumapili, usije ukakaa mbele yake unasoma salio huku simu iko mkononi hujaamua.

Shangazi